Barua Iliyobaki Rissne

Jumatatu tarehe 29 Januari 2007, saa moja na dakika ishirini jioni, Édouard Mashauri aliinua mkono kuunga mkono pendekezo ambalo chama chake kilikuwa kinalipinga. Pendekezo lilihusu ada ya kuegesha magari. Alikuwa mjumbe wa akiba katika baraza la manispaa ya Sundbyberg, kaskazini-magharibi ya Stockholm, na siku hiyo aliitwa kukalia kiti kwa sababu mwenzake alikuwa na homa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura tangu uchaguzi wa Septemba. Mwanamke aliyeketi kushoto kwake alimgusa kiwiko. Mashauri hakugeuka. Alikuwa analitazama kabrasha lililofunguka mbele yake. Kati ya ajenda ya kumi na ya kumi na moja zilikuwamo kurasa nne za mwandiko wake mwenyewe, kwa wino wa buluu, zikianza na maneno "Kwa Mwamikazi, Mama wa Bulimanyi."

Kurasa hizo zilipaswa kuwa Bujumbura. Bahasha yake ilikuwa imekwisha kufika huko, imeshonwa kwa uzi mwekundu kama ilivyotakiwa, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja.

Mashauri alikuwa na miaka sitini. Alikuwa amepita vita viwili na bunge moja, na kwa miaka saba alikuwa mtunza majengo wa shule ya msingi hapo Rissne, mtaa wa manispaa hiyo: balbu, bawaba, theluji ya mlangoni, mabomba ya vyoo. Wakongo wa Stockholm walimwita Honorable, kama mbunge anavyoitwa kwao, na hawakuona ajabu kumwita hivyo akiwa juu ya ngazi. Rafiki yake Félix, Mrundi wa Alby anayeendesha basi, ndiye pekee aliyethubutu kumtania.

"Honorable wa balbu," alisema Félix kila walipokutana. "Hoja yako ya leo imepita?"

"Imepita. Choo cha darasa la nne kinafanya kazi."

Alizaliwa mwana wa mwami, yaani mtawala wa jadi. Bulimanyi ni himaya ndogo milimani, magharibi ya ziwa Kivu, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Bukavu mvua ikinyesha. Mama yake, Libérate, alikuwa mke mkubwa wa mwami, na mumewe alipofariki na mwanawe wa kwanza kutawazwa, akawa Mwamikazi, yaani mama wa mwami anayetawala. Cheo hicho kina boma lake, la juu, juu ya mlima, na kina watu wake. Kitu chochote kinachoingia katika boma hilo huingia mbele ya mashahidi. Husemwa kwamba kinachopita mlango wa nyuma ni cha mwizi.

Mwaka 1954, akiwa na miaka minane, Édouard alipelekwa shule ya bweni ya mapadri. Jumapili ya kwanza aliandika barua: amefika, amepewa kijiko na blanketi, anawasalimu wazee. Mama yake hakujua kusoma. Katekista aliisoma kwa sauti baada ya misa, wazee wakiwa wameketi kwenye mabenchi na Mwamikazi kwenye kigoda chake. Ikawa desturi. Barua mbili kila mwezi: kutoka bweni, kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi, kutoka Kinshasa alipokuwa mbunge, kutoka chumba cha kupanga Nairobi baada ya kukimbia mwaka 1998, na tangu 1999 kutoka Rissne. Tangu 1971 msomaji alikuwa mmoja, katekista Ladislaus, na ni yeye pia aliyeandika majibu.

Hizo zilikuwa barua za kusikilizwa. Mashauri alijua mzee yupi angekohoa kwenye sentensi ipi. Hakuna hata moja iliyotaja ugonjwa wake, wala mimba tatu zilizoharibika kabla mkewe Ghislaine hajampata Arielle, wala kazi ya Rissne: zilisema "shughuli zangu hapa" na tangu Septemba zilisema "baraza." Majibu yalikuwa ya aina hiyohiyo. Tumepokea. Ng'ombe wazima. Mvua imechelewa. Na kila barua ya Mashauri, hata ile ya 1998 iliyoandikwa sakafuni kwa mtu asiyemjua, iliishia na maneno yaleyale: nitakuja kabla ya mvua.

Simu Mwamikazi aliikataa tangu ilipofika milimani. "Neno la simu halina mkono," alisema. Neno lazima liletwe na mtu, na mtu huyo aonekane.

Novemba 2006 mwami, kaka yake Édouard, alifariki kwa ugonjwa wa ini. Watoto wake walikuwa wadogo. Wazee walikuwa na watu wawili wa kuchagua: Édouard, wa tumbo moja na marehemu, na Clovis, mwana wa mke mdogo wa baba yao, aliyekuwa na miaka hamsini na minne na hakuwahi kuondoka Bulimanyi. Walimchagua Édouard. Barua ya kumwita ilifika Rissne wiki moja kabla ya Krismasi, ikiomba jibu kabla ya Kwaresima.

Wala haikuhitaji kueleza lililokuwa nyuma yake. Akitawazwa Clovis, mama wa Clovis ndiye atakayekuwa Mwamikazi. Atapanda boma la juu. Libérate, akiwa na miaka themanini na minne, atavuliwa cheo na kushuka nyumba ya kando ya barabara. Huko hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa ukatili.

Mashauri alitumia wiki tano kuandika kwamba haendi. Rasimu za kwanza zilikuwa na neno "naogopa" kwenye ukurasa wa tatu. Alilifuta, akalirudisha, akalifuta. Barua ingesomwa mbele ya mabenchi. Mwana wa mwami haogopi mbele ya mabenchi. Nakala ya mwisho ilisema kwamba barabara ya kutoka Bukavu ina watu wanaolikumbuka jina lake. Ilikuwa kweli. Mwenzake wa bungeni alipigwa risasi kwenye barabara hiyo.

Nyumba ya mwami ina njia mbili za kukataa. Ya kwanza ni maneno: mtu anakataa jambo, anaeleza, anaomba radhi, anabaki mtoto wa nyumbani. Ya pili ni ya zamani zaidi. Kabla ya karatasi, wajumbe walibeba kibuyu cha maziwa chenye kizibo. Aliyekirudisha kitupu alikuwa amemkataa mwenye kibuyu mwenyewe, si ombi lake. Karatasi zilipoingia, bahasha ilichukua nafasi ya kibuyu. Mwaka 1961 baba mdogo wa Édouard, katika ugomvi wa mashamba, alimpelekea Mwamikazi bahasha iliyoshonwa vizuri isiyo na kitu. Tangu siku hiyo jina lake halitajwi bomani. Wanawe walizikwa kwingine.

Kosa la Ijumaa, tarehe 26, lilikuwa dogo. Mashauri alimaliza nakala safi jikoni. Meza ilikuwa na maji, akaiweka barua ndani ya kabrasha la baraza isikunjike. Katika bahasha alitanguliza kipande cha kadibodi, kama afanyavyo siku zote, kwa ajili ya barabara. Safari hii alikikata kutoka kwenye pakiti ya mkate mkavu. Kisha simu ikalia. Alikuwa Orpha, mama wa Bredäng anayeuza vitenge na kwenda kwao Bukavu kila Januari kupitia Bujumbura; ndiye angeibeba barua. Ndege yake ilikuwa kesho yake alfajiri, na alisema hataweza kumngoja saa tatu kama walivyopatana. Yuko T-Centralen, kituo kikuu cha treni, sasa hivi, anabadilisha treni, ana nusu saa. Mashauri alichukua sindano, akashona, akavaa koti. Bahasha ilikuwa ngumu mkononi, kama bahasha yenye barua.

Jumatatu ile baada ya kikao alimpigia Félix kutoka kituo cha mabasi.

"Rudia," alisema Félix. "Umempelekea malkia kadibodi ya mkate?"

"Usicheke."

"Sicheki. Nakohoa." Akakohoa. "Shemeji yangu Protais yuko Bujumbura. Huyo mama anavuka kwenda Uvira lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi Protais ataamka mapema mara moja katika maisha yake. Na faksi je? Ofisi ya maaskofu Bukavu si wana faksi?"

Mashauri alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Faksi ingefika bila bahasha na bahasha ingefika bila barua. Wazee wangeviona vyote viwili na kuamini kile kibaya.

Protais alifika kwenye maegesho ya magari ya Uvira saa moja asubuhi. Gari la Orpha lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili na nusu. Jumatano Mashauri alipata, kupitia watu watatu, namba ya dada wa Orpha huko Bukavu. Siku hiyohiyo alifunga ukumbi wa michezo wa shule darasa zima likiwa ndani. Walikaa humo dakika nne, mwalimu akipiga mlango kwa kiatu. Alhamisi alimpata Orpha mwenyewe.

"Papa Édouard, usiwe na mashaka. Bahasha nilimpa dereva wa parokia jana mchana. Mkononi, vile ulisema. Nimekosea?"

"Hapana, mama. Umefanya vizuri kabisa."

Kulikuwa na simu moja tu iliyobaki, ya Ladislaus. Mtandao Bulimanyi ulipatikana mahali pamoja, kilimani nyuma ya kanisa, na katekista alipanda huko kila Jumamosi baada ya kuchaji betri sokoni. Jumamosi tarehe 3 Februari Mashauri alianza kupiga saa mbili asubuhi. Sauti ya mwanamke ilimwambia kwa Kifaransa kwamba mteja hapatikani. Aliendelea kumwambia hivyo hadi jioni. Baadaye ilijulikana kwamba jenereta ya sokoni ilikuwa imeharibika.

Jumapili, misa ya Bulimanyi ilipokwisha, Rissne ilikuwa saa tano. Mashauri aliketi jikoni na saa yake ya mkononi ameivua na kuiweka mezani.

"Sasa wanaketi," alisema.

"Kunywa chai," alisema Ghislaine.

"Sasa Ladislaus anachukua mkasi."

"Édouard. Hata ukimfuata hatua kwa hatua, hutamzuia."

Arielle, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alipita kuchukua maziwa kwenye friji. "*Men ring henne då*, pappa," alisema. Mpigie basi.

"Bibi yako hapigiwi."

Arielle aliinua mabega na kurudi chumbani. Kwake jambo lilikuwa rahisi: barua imesahauliwa, unasema imesahauliwa. Ghislaine hakumpinga. Alimwambia mumewe tu kwamba mtoto ana haki ya kutoelewa.

Jumatatu haikuleta kitu. Jumanne saa tisa alasiri, Mashauri akiwa kwenye karakana ya shule na kitasa kilichofunguliwa mbele yake, simu ililia ikiwa na namba ndefu.

"Honorable, Mungu asifiwe."

"Ladislaus. Bahasha imefika?"

"Imefika. Imesomwa."

Mashauri aliketi juu ya ngazi. "Imesomwa vipi?"

"Vizuri. Wamesikiliza mpaka mwisho. Muzee Kambale alilia kidogo, ukurasa wa pili."

"Hakukuwa na ukurasa wa pili. Hakukuwa na ukurasa wa kwanza."

Upepo ulisikika kwenye simu, na mbuzi.

"Kulikuwa karatasi ngumu," alisema Ladislaus. "Ina picha ya ngano. Niliishika hivi, picha upande wangu, wasione."

"Ukasoma nini?"

"Barua yako."

"Barua yangu iko hapa Rissne, Ladislaus. Nimeishika."

"Honorable, nakusoma tangu sabini na moja. Unafikiri sikujui? Salamu kwa wazee mmoja mmoja. Baridi ya huko. Baraza. Pole ya kaka, hapo nikapunguza sauti, hapo ndipo Kambale alilia. Ilikuwa barua nzuri. Nafikiri ilishinda ile ya Pasaka."

"Na kuhusu kuja? Ulisema nini kuhusu kuja?"

"Nilisema vile unasemaga siku zote. Utakuja kabla ya mvua."

"Nani alikuambia useme hivyo?"

"Wewe," alisema Ladislaus bila hasira. "Miaka yote. Ningeruka hapo, wangejua si yako."

Kwa dakika chache Mashauri alipata nafuu. Mama yake hakukataliwa. Hakuna aliyeona kibuyu kitupu. Kisha alianza kuona alichokuwa amepewa badala yake. Wazee walikuwa wamesikia ndiyo. Wangeanza kutafuta fahali na mkeka. Akiandika sasa kwamba haji, itabidi aseme ile barua ya Februari ilikuwa nini. Na Ladislaus akionekana amedanganya barua moja, barua za miaka thelathini na sita zote zitatiliwa shaka, pamoja na majibu. Akinyamaza, itafika siku watu watashuka barabarani kumpokea.

Hakuandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1954 kwa mwezi kupita bila barua. Kwenye baraza alieleza kura yake ya maegesho kuwa ni uchovu, jambo ambalo kiongozi wa kundi alilikubali bila kuuliza zaidi. Kila wiki mbili Ladislaus alipanda kilima na kumpa taarifa. Fahali amepatikana. Barabara ya juu imechongwa. Mara moja aliuliza namba ya kiatu, kwa ajili ya ndara za ngozi za siku ya kutawazwa.

"Arobaini na tatu," alijibu Mashauri, kwa sababu aliulizwa.

Tarehe 9 Machi Orpha alirudi na kumwita Bredäng. Alikuwa na bahasha mbili. Moja ilishonwa kwa uzi mwekundu, mwandiko wa Ladislaus: kutawazwa kumepangwa Juni, mvua za masika zikiisha. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kawaida, imebanwa ndani ya mfuko wa unga wa muhogo.

"Hii niliambiwa nikupe bila kusema," alisema Orpha. "Na mimi sijasema."

Mwandiko hakuujua. Aliifungua palepale, amesimama mlangoni kwa Orpha, viatu vyake mkononi.

"Édouard. Anayeandika ni Sista Léontine wa zahanati. Ladislaus hajui, na usimwambie. Bahasha yako niliishika kabla sijampa akate uzi. Nazishika zote. Hii haikuwa na karatasi, ilikuwa na ubao. Nilijua kabla yake. Alipoanza kusoma, nilinyamaza, kwa kuwa wazee walikuwa wanasikiliza na uso wangu walikuwa wanauangalia. Siku tatu sikula. Nilisema: mwanangu amenirudishia kibuyu. Siku ya nne nikasema: huyu hawezi, amesahau. Sijui ni ipi. Lakini jambo moja najua, maneno ya Ladislaus si yako. Mtu anayekuja kwa sababu ya ubao atakaa vibaya. Niambie wewe mwenyewe, unakuja au huji. Usipambe. Hii hatasikia mtu."

Orpha alimletea kiti. Aliuliza kama kuna msiba. Mashauri alisema hakuna, akavaa viatu vyake, akakosa kituo cha kubadilisha treni, akajikuta mwisho wa reli.

Jibu lilimchukua siku kumi na moja. Ghislaine anakumbuka kwamba mumewe hakuandika rasimu. Alikaa tu.

"Nikiandika siji, anashuka," alimwambia.

"Na ukienda?"

"Napanda mimi. Halafu wananiteremsha kaburini."

"Basi unajua jibu."

"Jibu najua. Kwa miaka themanini na minne mwanamke huyu hajawahi kulala nyumba isiyo na mlinzi."

"Hajakuuliza kuhusu nyumba," alisema Ghislaine. "Kakuuliza swali moja."

Barua ile ilikuwa na mistari minne. "Mama. Siji. Naogopa. Barua yako niliiandika, ikabaki ndani ya makaratasi ya baraza, wewe sikukukataa." Alimpa padri mmoja aliyepita Stockholm akirudi Bukavu, ambaye aliahidi kuifikisha zahanati kwa mkono wake.

Kisha ukaja ukimya. Aprili ikapita. Ladislaus alipiga mara mbili na hakutaja lolote ila maandalizi, na Mashauri hakuweza kumuuliza. Hakujua kama padri alifika, kama Sista yupo, kama mama yake ameisikia barua na kuacha tena kula. Alipungua kilo sita. Daktari wa kituo cha afya alimpima sukari na presha, akamuuliza kama kuna jambo nyumbani. Mashauri alisema nyumbani ni shwari. Alimaanisha Rissne.

Jumatatu tarehe 14 Mei simu ililia.

"Honorable, kaa chini."

"Nimekaa." Alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule, watoto mia moja na ishirini wakigonga vijiko.

"Mama amekukataza."

"Amefanya nini?"

"Jana. Baada ya misa alisimama, bila mtu kumshika. Akasema: mwanangu aliniandikia anakuja, nanyi mlisikia. Mimi nimemkataza. Nimezika mmoja mwaka jana, wa pili sitamzika. Mleteni Clovis. Akaketi."

"Wazee walisema nini?"

"Watasema nini? Ni Mwamikazi. Lilikuwa neno lake la mwisho la Mwamikazi, wakalitii. Mama wa Clovis alipiga magoti, akalia sana, sijui kwa furaha au kwa aibu."

"Na yeye atakwenda wapi?"

"Chini, karibu ya zahanati. Vyumba viwili. Bati ni jipya." Ladislaus alishusha sauti. "Pole sana, Honorable. Najua ulitaka kuja. Na viatu vilikuwa tayari."

Mashauri alitazama watoto, na mpishi aliyekuwa anamwonyesha kwa ishara kwamba mlango wa friji kubwa haufungi.

"Asante, Ladislaus," alisema.

Clovis alitawazwa Juni. Libérate alishuka Agosti, kwa miguu, akikataa machela. Ladislaus aliendelea kusoma katika boma la juu, barua za watu wengine. Aliyeshuka hakuwa na cheo, na kwa hiyo hakuwa na mashahidi. Barua iliyomjia ilikuwa yake peke yake.

Ya kwanza kutoka nyumba mpya ilifika Rissne mwishoni mwa Septemba, mwandiko wa Sista Léontine. Ilisema kwamba nyumba ina joto na kwamba usiku magari ya barabarani yanamsumbua. Ilisema ana kikohozi. Kisha ikasema: "Sasa hakuna anayesikiliza. Nimekaa miaka hamsini na mitatu nasikia baraza, bunge, salamu. Huko unafanya kazi gani hasa, kwa mikono yako? Na unaogopa nini? Uliandika unaogopa, hukusema nini."

Alipewa siku mbili kabla msafiri hajaondoka. Jioni ya kwanza aliandika "Kwa Mwamikazi," akakumbuka, akachana. Aliandika "Mama" na kukaa.

"Mbona huandiki?" aliuliza Ghislaine.

"Sijui inaanzaje."

"Mwambie umefanya nini leo."

"Hilo si la kuandika."

"Yeye ndiye ameliuliza. Na anakohoa, Édouard. Usimngojeshe."

Barua inachukua wiki tatu kufika zahanati, barabara ikiwa nzuri. Mashauri alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, wiki tatu za kwenda na tatu za kurudi, akavuta karatasi. Aliandika kwamba yeye ni mtunza majengo wa shule, kwa miaka saba sasa. Kwamba leo amebadilisha balbu kumi na moja na kuzibua choo. Kwamba ana funguo arobaini na mbili kwenye pete moja, na kila asubuhi, kabla watoto hawajafika, huzunguka jengo zima mara mbili, kwa sababu huogopa kwamba kuna mlango mmoja aliousahau.